Nilijiambia Nimemaliza, Kisha Nikamwambia Mama Kiden

Mpendwa mshauri, kabla hujasoma zaidi nakuomba ufiche kila neno la barua hii linaloweza kunitambulisha, ufute jina la ofisi yangu na tarehe, majina ya watu na ya kijiji nimeshayabadilisha mwenyewe, kwa sababu Arua ni mji mdogo na Koboko ni mdogo zaidi, na mimi ni mtu mwoga. Naomba msaada.

Mimi ni karani, nina miaka ishirini na minne, nilisomea Zaire wakati wa ukimbizi, na tangu turudi nyumbani nimekuwa nikiandika mchezo wa kuigiza ambao kikundi chetu cha Koboko kitauonyesha baada ya majuma sita. Sehemu mbili za kwanza niliziandika kwa furaha, na kwenye mazoezi wenzangu walicheka mahali nilipotaka, lakini ya tatu imenishinda miezi mitano sasa, maana ni habari ya kweli ya Rosa Kiden, mjane wa Lurujo, jinsi alivyorudi kutoka Zaire akakuta majani yamefunika ua wake wote na hajui tena kaburi la mumewe liko upande gani, alinisimulia mwenyewe kwa hiari na yeye ndiye atakayeigiza, na kila nikiweka karatasi kwenye mashine ya kupiga chapa, sauti ndani yangu husema, wewe ni nani uguse jambo hili, wewe kazi yako ni kunakili barua za wengine, basi nainuka nakwenda kuchonga penseli ambazo zimekwisha kuchongwa.

Ndipo kwenye semina ya makarani nikapewa kijitabu kinachofundisha kujisemea maneno mema. Kilisema utamke jambo unalolitaka kana kwamba limekwisha kutimia, basi kila asubuhi nikinyoa ndevu nikawa nakiambia kioo, "Nimemaliza sehemu ya tatu, ni nzuri, watu wanalia." Nakiri iliniburudisha sana. Nilitembea kwenda kazini kama mtu aliyemaliza, na jioni sikuona haja ya kuketi kuandika.

Jumamosi moja kwenye mazoezi Mama Kiden akaniuliza, "Kijana yangu, ile yangu iko wapi?" na kabla sijafikiri mdomo ukajibu wenyewe, "Iko tayari, mama. Nimemaliza."

"Iko tayari kabisa?"

"Kabisa."

Severino, anayeigiza askari wa mpakani, akacheka, "Huyu karani siku zote anasema kesho, kesho. Leo yeye iko na homa?"

Lakini Mama Kiden hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akasema, "Basi soma. Mimi nataka kusikia vile mimi nafika nyumbani." Nikamwambia bado naipiga chapa. Hiyo ni wiki ya tano sasa, Hamuza mpiga ngoma wetu amekwisha kutangaza sokoni, Mama Kiden amewaalika hata ndugu za marehemu mumewe, na mimi kila asubuhi bado nasema yale yale kwenye kioo kwa sababu naogopa nikiacha nitaanguka kabisa. Je, niendelee kujitia moyo hadi maneno yatimie, au niondoke? Barua ya kuomba uhamisho nimekwisha kuiandika, iko kwenye droo.

Tafadhali usinitumie bahasha, mkubwa wangu hufungua barua zote. Nijibu gazetini, uniite K. tu. Gazeti hufika Ijumaa kwa Paska, anayeuza magazeti na sigara karibu na kituo cha basi, nami hulisoma pale pale nimesimama.

JIBU

K., kwanza mlipe Paska gazeti lake.

Nimefuta ulivyoomba, lakini magazeti hutembea, na Koboko wanasoma. Kwa hiyo utangulie wewe kumfikia Mama Kiden kabla gazeti halijamfikia.

Kujisemea vizuri si kosa. Mimi hufanya hivyo kila wiki kabla ya kufungua barua zenu. Kosa lako ni kwamba ulijipongeza kwa kazi usiyoifanya, na mtu aliyekwisha kupongezwa hana sababu ya kukaa mezani. Kisha mdomo uliozoea kukidanganya kioo ukamdanganya mjane. Kioo hakikuumia. Huyu mama amewaita mashemeji zake.

Maneno ya kujitia moyo yawe kweli siku ile ile unayoyasema. "Niliandika sehemu mbili, na watu walicheka mahali nilipotaka wacheke." Hiyo ni kweli, iseme kila asubuhi. "Mama Kiden alinichagua mimi nimsikilize." Kweli pia. "Leo naandika vile anavyofika kwenye njia ya ua wake, basi." Hiyo itakuwa kweli ukiketi. Ile sauti ikikuuliza wewe ni nani, usibishane nayo. Ijibu: "Mimi ni karani, naandika sawasawa yale niliyoambiwa." Ni cheo kizuri, ndugu yangu. Wengi wanaoandika hawana.

Barua ya uhamisho ichane.

Kesho panda gari la Koboko uende Lurujo. Usimtume Hamuza, usiseme mashine imeharibika. Chukua penseli zako hizo na karatasi tupu, umwambie: "Mama, nilikudanganya. Sehemu yako haijaandikwa. Naiogopa." Atakasirika, ana haki, na wewe nyamaza mpaka amalize. Kisha mwombe akuonyeshe aliposimama siku ile aliporudi. Andika mbele yake, msomee, na pale atakaposema hapana, futa bila kubisha. Pengine atasema hataki tena mkono wako uguse habari yake. Basi mchezo utaishia sehemu ya pili, na wewe, si Severino, ndiye utakayesimama kuwaeleza watu.

Na useme ukiwa bado mlangoni. Ukikaribishwa ndani utaketi, ukiketi utaletewa chai, na wewe ninavyokuona, ukishakunywa chai ya mtu huwezi kumwambia ila kwamba iko tayari kabisa.