Mke Mwenza wa Chumba cha Mitambo

Kwako Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo Kaka. Nakusalimu kwa mapenzi tele, wewe na wifi na wanangu wote hapo nyumbani. Natumaini barua hii itawakuta wazima na kuku wenu wakitaga. Mgongo unaendeleaje? Wifi alinidokeza kuwa umeanza tena kulima kwa fujo utafikiri una miaka ishirini, nami nikamwambia akufungie jembe stoo. Huku kwetu hatujambo. Shemeji yako amepona kile kikohozi, na binti yangu mkubwa sasa amenifikia begani, anavaa viatu vyangu bila hata kuuliza.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Kaka, ningepiga, lakini wewe ukisikia tu neno mtambo unampa wifi simu na kwenda kuangalia kuku. Basi vuta kiti, uisome hii mpaka chini, maana nina habari inayonichemka kifuani tangu juzi. Hata kazini wananiuliza kama nina mimba.

Miezi miwili iliyopita yaliletwa masanduku matatu ya kijivu pale kwenye kituo chetu cha redio. Mafundi wa kampuni iliyoyauza walikaa wiki nzima wakifunga vifaa vidogo kila mahali: kwenye mtambo wa kurushia matangazo, kwenye jenereta, kwenye betri, kwenye kiyoyozi, hadi juu mlingotini. Kila kimoja kinapima kitu chake, joto au umeme au unyevu, na vyote vinapeleka taarifa kwenye kompyuta moja ambayo inaamua yenyewe la kufanya. Unaijua kazi yetu. Kila saa mtu anazunguka na daftari, anasoma mita moja moja, anaandika. Nilikaa chini na kalamu nikapiga hesabu: kitu hicho kwa saa tatu kilichukua vipimo vingi kuliko tunavyochukua sisi watano kwa mwaka mzima, na hakikwenda hata msalani.

Tulikibatiza jina la Mke Mwenza. Si kimeingia ndani bila kubisha hodi, kikashika jikoni, na mwenye nyumba anakisifia mbele yetu? Tulicheka sana siku hiyo. Wiki iliyofuata mkurugenzi alituita ofisini kwake akatuambia kwamba kati yetu sisi watano watabaki wawili. Hakuna aliyecheka tena. Mwalimu, yule mkuu wetu aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu nyaya nisijiunguze, alitoka pale akaenda kukaa kwenye chumba cha mitambo, mkono wake juu ya mgongo wa mtambo wa zamani. Nilipomfuata aliniambia kuwa ameishi na mita zile muda mrefu kuliko alivyoishi na mkewe, na kwamba angalau mkewe akimwacha atamwambia sababu.

Kwa hiyo nilimchukia Mke Mwenza kwa roho moja. Nilikuwa nikipita karibu naye namsonya. Mpaka Alhamisi ile ya mvua.

Ilikuwa saa tisa alasiri, taarifa ya habari iko hewani, mara taa ya mtambo mkubwa ikawa nyekundu. Kaka, kabla sijainuka kitini, Mke Mwenza alikuwa ameshahamishia matangazo kwenye mtambo wa akiba na antena ya akiba. Msomaji wa habari hakujua kitu. Wasikilizaji walikosa labda neno moja. Kisha kwenye kioo yakaja maandishi: hitilafu iko kwenye kebo ya antena, mita hamsini na mbili kutoka chini. Unakumbuka tulivyokuwa tukitafuta hitilafu za kebo? Siku mbili, tatu, mnafungua kiungo kimoja kimoja na kukisia. Mwalimu alikunja uso akasema hilo sanduku linajitapa, hakuna anayeweza kuona ndani ya kebo akiwa amekaa mezani.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekatika. Nilivaa mkanda nikapanda. Nilipofika mita ya hamsini na mbili nikakuta kiungo, mpira wake umepasuka kwa jua, na nilipoufungua maji yakanimwagikia mkononi. Pale pale, Kaka! Si juu yake wala chini yake! Nilipiga kelele hata kunguru wakaruka. Mwalimu akaniita kutoka chini akiuliza kama nimeumwa na nyuki, nami nikamjibu, "Ipo! Mwalimu, ipo palepale!" Nilikausha, nikabadilisha kiungo, nikakifunga kwa mpira mpya, na niliposhuka nilimkuta ananingoja akiwa ametabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkurugenzi. Akasema, "Basi kanajua. Lakini kanajua tu, kupanda hakawezi."

Maneno hayo yalinikaa kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani, na hapo ndipo nilipokifikiria kituo chako cha zamani.

Usiiache barua, Kaka. Endelea.

Najua ni miaka tisa tangu kikutoke mikononi. Walikuja wakafunga sahani ya setilaiti, wakakuambia kuanzia sasa kituo kitajiendesha, wewe kabidhi funguo. Kikajiendesha mwaka mmoja na ushee. Siafu wakaingia kwenye mtambo, hakuna aliyewaona, kikazima, na mpaka leo bonde zima hilo halisikii chochote ila mikwaruzo. Mkurugenzi husema kila mwaka kwamba haiwezekani kuweka fundi wa kudumu kwenye kila kituo kidogo. Sasa nikajiuliza: je, tukimfunga Mke Mwenza huko nako, awe macho, halafu karibu yake pawe na mtu mmoja tu mwenye mikono, wa kupanda akiambiwa panda na kufagia siafu akiambiwa fagia?

Mimi na Mwalimu tuliandika mpango, kurasa sita. Mkurugenzi alisoma ya kwanza akacheka. Ya pili hakucheka. Ya nne akaomba kikokotoo. Wiki mbili baadaye akatuita tena na kutuambia kwamba vituo vitatu vilivyokufa vitafufuliwa, na cha kwanza ni cha kwenu. Nilitaka kumkumbatia, nikajizuia kwa kuwa nilikuwa na grisi.

Nisikudanganye, si kila kitu ni sherehe. Wawili wamebaki, na mimi ni mmoja wao. Nitavisimamia hivyo vituo kutoka hapa. Mwenzetu mmoja anahamia kituo cha pili kitakachofufuliwa. Mwalimu aliomba kuondoka mwenyewe, anasema atafundisha chuoni, na nadhani atawatesa vizuri wanafunzi. Ila yule dada tuliyeanza naye kazi mwezi mmoja hajapata pa kwenda. Kila asubuhi ananisalimia kwa upole uleule, nami naona haya kuwa na furaha mbele yake. Nimeahidi kumtafutia mahali, na sijui kama nitaweza.

Sasa Kaka, nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Vuta pumzi.

Kwa kila kituo ilitangazwa nafasi ya fundi anayeishi jirani. Siku kumi na nne za kuleta fomu. Nilijua nikikuuliza utakataa kabla sijamaliza sentensi. Kwa hiyo nilikujazia. Niliandika miaka yako kumi na saba, kimbunga kile ulichokaa kituoni siku tatu bila kutoka, na jenereta uliyoitengeneza kwa mkanda wa suruali. Palipoulizwa kama mwombaji anaweza kutumia kompyuta, niliandika "anajifunza". Mwishoni nikaweka saini yako, yenye ule mkia mrefu. Nilifanya mazoezi kwenye gazeti mara thelathini. Wifi anajua. Ndiye aliyenipigia picha vyeti vyako ulivyovificha chini ya godoro, na usimgombeze, mimi ndiye niliyemshawishi.

Wamekuchagua, Kaka. Kati ya watu kumi na wanane.

Jana roho ilinisuta, nikaenda kwa mkurugenzi nikamweleza kuwa fomu ile niliijaza mimi. Akasema nitapata barua ya onyo, nayo nimeshaipata, lakini miaka kumi na saba haikughushiwa, na kwamba wewe mwenyewe utatia saini mbele yao au utakataa mbele yao. Watakuja Jumatano ya tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, pale kwenye jengo lako la zamani. Watataka kukuona ukipanda. Nami nitakuwepo na masanduku.

Na kuna kingine, kidogo kwa maneno lakini kimenilemea zaidi ya saini. Siku ile ulipokabidhi funguo nilikuwa nimesimama pembeni yako, mwanafunzi wa mwaka wa pili, nimejaa maringo. Nilikuambia usihuzunike, kwamba teknolojia ndiyo mambo, na kwamba hata wewe ungekuwa na akili ungefurahi. Tangu siku hiyo hujawahi kuzungumza nami habari za redio, wala hujaweka redio nyumbani. Mkurugenzi alipotuambia watabaki wawili, nilisikia sauti yangu mwenyewe ikinirudia. Miaka tisa nilikuwa nangoja usahau ili nisilazimike kukuomba msamaha. Leo nakuomba. Nisamehe, Kaka. Wewe ndiye uliyenionyesha ndani ya redio kwa mara ya kwanza, nami nilikutukana mlangoni mwa kazi yako.

Ukikataa nafasi hii sitakulaumu. Waambie mwenyewe, maana mimi nimeshasema ya kutosha kwa niaba yako. Lakini ukikubali, siku utakayowasha mtambo huo, nipigie, useme neno moja tu, nami nitalisikia huku kwenye chumba changu.

Nisalimie wifi, mwambie siri imeshatoka asiendelee kujikausha. Wape wanangu busu, na yule mdogo mwambie shangazi anakuja Jumatano. Shemeji yako anakusalimu sana, anasema uvae viatu vyenye kisigino kigumu.

Saini ya barua hii, Kaka, ni yangu mwenyewe.

Mdogo wako anayekupenda,
Fundi