Karatasi ya Chumba Namba Tisa

Jumatatu, 3 Juni

Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa chumba cha dobi — hoteli inatafuta msimamizi wetu sisi madobi. Usaili Ijumaa, tena kwa Kiingereza, maana ripoti za kila siku zitasomwa na mwenye hoteli, ambaye Kiswahili hajui hata cha kuombea maji. Nimejiandikisha! Na Pasi kajiandikisha. Pasi ndiye mpiga pasi wetu, rafiki yangu wa miaka kumi na moja; jina hilo nilimpa mimi. Tumekubaliana atakayepata amnunulie mwenzake soda. Lakini namwona anavyosugua magoti ikifika jioni. Msimamizi ana kiti, mpiga pasi hana. Na mimi nakitaka kiti kile, sisemi uongo.

Jumanne, 4 Juni

Mama mkwe, mwalimu mstaafu, kakubali kunifundisha. Ada yake vikombe viwili vya chai. Eti kosa langu ni moja tu, kila kitu nakitupia have. "Mke wa mwanangu, have na jana hawakai nyumba moja!"

Kichwa kikawa kizito. Mwishowe nikajieleza kidobi, ndipo ikaingia. I washed the shirt yesterday — nilifua jana, siku imetajwa, basi. I have washed the shirt — nimefua, hili hapa, lichukue. I have been washing since morning — tangu asubuhi nafua, na bado sijamaliza, tazama vidole vyangu!

Mama mkwe kasema ningekuwa darasani kwake angenipa nyota. Miaka yote hii hajawahi kunisifu, hata kwa wali. Nimefurahi mpaka nikaunguza maziwa.

Jumatano, 5 Juni

Zamu yangu kumfundisha Pasi. Kila furushi la nguo lina karatasi yake yenye namba ya chumba, tunaibana kwa pini. Daftari hatukuwa nalo, basi tukaandika sentensi nyuma ya karatasi hizo, pale pale juu ya meza ya pasi. Pasi anachanganya kungoja kulikokwisha na kungoja kunakoendelea. Kaniuliza nani atakufa akikosea! Nikamwambia, ukisema have been, bado uko pale unangoja, mtu wako hajafika. Nikamwandikia mfano kwa herufi kubwa: I have been waiting for you since morning — tangu asubuhi nakungoja, na bado nangoja. Kausoma kwa sauti ya mapenzi, huku kakumbatia mto wa wageni. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Alhamisi, 6 Juni

Balaa! Ile karatasi ilikuwa ya chumba namba tisa. Imepanda juu na shati la mgeni, imebanwa kwenye kola, mfano wangu ukiwa mbele. Na aliyepokea shati ni mkewe!

Wa mapokezi anasema mama wa watu kateremka ngazi na begi, mume nyuma na kiatu kimoja, anaapa kwamba asubuhi hakuna aliyekuwa akimngoja popote. Ningecheka, kama si Meneja. Kaja chumba cha dobi, kaishika karatasi kwa vidole viwili. Kesho kwenye usaili atatuuliza mmoja mmoja, na aliyeandika asahau cheo. Mashine tu ndizo zinaongea. Pasi kanitazama, nami nikatazama sabuni. Naona aibu hata kuandika hapa.

Tulipotoka nikamwambia nitasema. Kanikatiza: "Ukisema umekikosa kiti. Nyamaza, dada yangu." Kisha kaondoka na magoti yake, polepole. Sijala.

Ijumaa, 7 Juni

Nipo kwenye benchi nje ya ofisi. Naandika hapa hapa nikingoja zamu yangu. Pasi yuko ndani, na huu mlango haufungiki vizuri.

Kaulizwa kazi hii kaianza lini. I have worked here for eleven years — miaka kumi na moja, na bado yupo. Sawasawa! Nimejipiga paja kwa furaha. Kaulizwa jana kafanya nini. I ironed forty sheets — shuka arobaini. Jamani, huyu si wa kuachwa!

Sasa Meneja kauliza habari ya karatasi. Nasikia sauti ya Pasi, tulivu kabisa: I wrote it, sir. On Wednesday. Eti yeye ndiye aliyeiandika, Jumatano.

Kiingereza safi, hakuna pa kusahihisha. Na si kweli.

Kiti kinasogezwa. Pasi huyo katoka, kidole mdomoni, ananionya ninyamaze. Anatabasamu! Meneja ananiita. Sentensi yangu ni ile ile ya Pasi, neno kwa neno, ila kwangu mimi ni kweli. Pasi kajibwaga kwenye benchi, anasugua magoti. Meneja anaita tena. Pasi kanishika mkono unaoandika, ananong'ona nisithubutu, na mimi nauchomoa mkono, nasimama, naingia kuisema.