Mbao Tatu Zisizo na Tundu

Mama watoto,

Nimekwenda kliniki. Vijiti vinne vya mbao za meli viko kwenye beseni, vinalainika. Mtu asimwage maji!

Asubuhi nimeikuta meli yangu ndogo ninayoiunda imeongezwa mbao tatu ubavuni. Si mimi. Mimi hushikiza kwa pini mpaka gundi ikauke, na tangu mkono uanze kutetemeka naacha matundu kama chujio. Hizi hazina hata tundu moja. ~~Aliyegusa atanitambua!~~

Nikatoka nje: mashati yameanguka chini, kamba ya nguo haina kibanio hata kimoja. Vibanio vyote nimevikuta nyuma ya kopo langu la gundi, vimegandiana kwa gundi. Na jana ulivyojidai meli hizi zinakujazia vumbi tu!

Vile vinne utabandika wewe. Ila nisubiri, nami nione unavyofanya.

Baba watoto