Ujumbe wa Saa Saba na Robo

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na ikiwezekana uzipokee ukiwa umekaa. Natumaini kile kikohozi kimekuachia, na kwamba wanafunzi wako wa uchoraji hawajamaliza rangi zote kwa kupakana usoni. Sisi hapa tu wazima. Goti la mama linalalamika asubuhi, ikifika saa nne linasahau. Watoto wanakula kama vile jana walinyimwa. Shemeji yako ni mzima wa mwili, mengine yake nitayafikia.

Utashangaa kupata barua ya mkono wakati simu ipo. Nina sababu. Mwandiko wangu unaujua tangu siku nilizokuwa nakuandikia jina kwenye madaftari, herufi zimelala kulia kama watu wanaokimbia mvua. Safari hii nataka uwe na uhakika kwamba anayesema ni mimi.

Ulipompigia mama juzi kumwambia hutakuja kukaa nasi likizo hii kwa sababu ya kazi, mama aliuliza kazi gani hiyo na shule zimefungwa. Shemeji yako alinyanyuka akaenda kuosha sahani iliyokuwa safi. Ndipo nilipoona lazima nikueleze ile siku yetu ya makumbusho ilivyokwenda, yote, si ile nusu niliyokusimulia kwenye simu.

Unajua kwamba katika miaka kumi na miwili ya ndoa sisi wawili hatujawahi kusafiri pamoja ila kwenda msibani au harusini. Hii ilikuwa mara ya kwanza: siku nne, watoto wamebaki na mama, karakana yangu ya mapazia nimeifunga, na yeye amemwachia mwenzake wanyama wote wagonjwa. Siku ya tatu nilikuwa nimeiwekea matumaini. Mimi ninayepanga kila kitu, mpaka vifungo kwenye kopo, nilitaka siku hiyo nisipange chochote. Tuamke tukiamka, tutembee tu. Kumbe ulishanipangia wewe.

Alitoa karatasi mfukoni kabla hatujamaliza chai, imekunjwa mara nne. Picha saba za kutazama, makumbusho mawili ya sanaa, na katikati yake mgahawa wa chakula cha mchana, mpaka na meza ya kukaa, ile ya pembeni ya dirisha. Nilimuuliza nani kampangia. Akasema shemeji, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Kwenye makumbusho ya kwanza alisimama kwa dakika kumi na moja mbele ya picha ya mwanamke aliyekaa dirishani. Alininong'oneza kwamba shemeji anasema mwanga wa picha ile haukai juu ya vitu, unaviingia ndani. Nikamwambia pazia la dirisha lile ni fupi kwa vidole vinne, na aliyelishona alikata kitambaa upande. Akatabasamu vile anavyotabasamu mtu akimletea mbwa na kudai anajua hesabu. Chumba kilichofuata kilikuwa na picha ya farasi mkubwa, karibu mita mbili kwa tatu. Alimtazama miguu, akampiga picha akakutumia, akisema mnyama huyu ana kwato mbovu na angefaa kupumzishwa. Ukamjibu amwache, amesimama hapo miaka mia mbili, angetaka daktari angeshasema. Alicheka mpaka mlinzi akageuka. Kisha akanionyesha simu ili nami nicheke. Nikasema ni kweli. Hilo tu ndilo lililonijia.

Mpaka saa sita alikuwa amesema "shemeji anasema" mara kumi na nne. Nilihesabu. Wewe unanijua.

Usidhani sikupata ushindi wangu. Karibu na mlango wa kutokea niliona picha moja, ya bakuli la matunda, imeinama kushoto kwa upana wa kidole kidogo. Nikamwambia mlinzi. Mzee yule akasema picha hiyo imekaa hapo miaka sita na hakuna aliyelalamika, labda ni shingo yangu. Nikamwambia shingo yangu inanyoosha madirisha ya mji mzima. Akamwita fundi wao, akaja na pima maji, akaiweka juu ya fremu, na kweli. Wakainyoosha mbele yangu. Mzee akaniita bosi na kuniuliza kama natafuta kazi. Nilisikia raha, mdogo wangu, raha ya kuonekana. Nikageuka nimtazame mume wangu, nikamkuta ameinamia simu, anakuhadithia. Ukajibu kabla ya dakika mbili kwamba dada aje anyooshe na kuta za nyumba unayopanga. Utani wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini ulikuwa utani juu yangu, na ulikwenda kwake. Simu yangu mimi ilikuwa kwenye mkoba, ina chaji, na haikulia siku nzima.

Mgahawani alikwenda moja kwa moja kwenye meza uliyoisema. Akaagiza samaki wa siagi na ndimu, kwa sababu ulisema pale watu hula samaki. Mhudumu akaniuliza mimi. Nikaagiza nyama ya kuchemsha, ili mradi tu isiwe samaki. Ililetwa ngumu, ya kijivu, inafanana na soli. Nikaila yote. Aliniuliza mara tatu kama ni tamu, na mara tatu nikasema tamu sana. Samaki wake alinukia mpaka meza ya tatu. Akanitengea kipande kwenye ukingo wa sahani yangu, nikakirudisha.

Baada ya chakula tukaenda makumbusho ya pili, na huko mambo yakabadilika. Alikutumia picha ya kwanza, hukujibu. Akatuma ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Alitazama simu mara tisa. Mwishowe tukafika kwenye picha uliyoiwekea nyota kwenye ile orodha, ya bluu tupu na mtu mmoja mdogo chini. Akaniuliza mimi naona nini. Nafasi niliyokuwa naililia tangu asubuhi ndiyo hiyo, nimepewa, hakuna wa kunipokonya. Nikatazama, nikatazama tena, nikasema ni kubwa.

Akaenda kukaa kwenye benchi na kulegeza viatu. Alisema anahisi amekuudhi kwa utani wake wa farasi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema alikuwa ameogopa siku nne za kukaa nami bila watoto wala kazi, kwamba ningemchoka siku ya pili, maana nyumbani mimi na yeye huzungumzia ada, vitambaa na nani kamwaga maziwa. Ndiyo maana alikuomba umfundishe cha kuniambia. Mtu mwingine angetulia hapo. Mimi niliumia zaidi. Hata maneno ya kuzungumza nami alikuja kuyachukua kwako.

Sasa nisikilize. Ule ujumbe ulioupata siku ile saa saba na robo, uliosema, "Shemeji, naomba upunguze kuniandikia, dada yako hana raha na mimi pia nimechoka, tuheshimiane," hakuuandika yeye. Niliuandika mimi. Alikuwa amekwenda kunawa mikono, simu kaiacha karibu na sahani. Ukajibu kwamba umeelewa, umesikitika, hutarudia. Nikaufuta ujumbe wangu, nikafuta na jibu lako, nikaifungia namba yako ili ujumbe wako usimfikie. Kazi yote dakika mbili na nusu, na aliporudi nilikuwa nimeshika uma. Kesho yake niliifungua namba, lakini alipokusalimu ulijibu neno moja tu, naye mpaka leo hajui kosa lake ni lipi. Ameniuliza, na nimemwambia labda una shughuli nyingi.

Sikuandikii kwa sababu wivu umeisha. Bado upo, ninaandika nao. Nilipoacha shule nikakaa kwenye cherehani, wewe ukabaki darasani, sikunung'unika, na sinung'uniki leo. Lakini nilishona mapazia ili wewe ujifunze kutazama picha, na kutazama huko ndiko kulikomfurahisha mume wangu kuliko pazia lolote nililowahi kutundika. Hilo linaniuma, na nimelisema. Ila ninyi wawili hamkunikosea kitu. Nimewanyang'anya heshima zenu kwa kidole kimoja, na wewe umebeba aibu isiyo yako kwa wiki tano. Nisamehe ukiweza, na likizo uje. Mkizungumza picha zenu nitakaa nanyi, na nikichoka nitasema nimechoka.

Yeye bado sijamwambia. Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kumuuliza kama mbwa amekula.

Mama anakusalimu, anasema ukija mletee ile dawa ya kuchua. Watoto wanaulizia mama mdogo kila siku ya Ijumaa. Nami nakutakia afya na usingizi mwema. Shemeji yako ndiye anayepita posta kila asubuhi akienda kutibu wanyama, kwa hiyo bahasha hii siifungi. Nitaiweka mezani, nimwombe aisome kwanza, kisha aamue kuituma au kuichana. Kama umeishika mkononi, basi ameshaisoma.

Mimi dada yako,
wa tumbo moja.