Itika Kwanza, Ueleze Baadaye

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo, na lile goti lako, baridi ya huko imeliachia? Mama hajambo, ila presha inapanda na kushuka. Mimi nipo tu. Shemeji yako anasema siku hizi nachemsha chai bila majani wala sishtuki.

Habari yenyewe ni hii: mdogo wetu Chuma ametoka gerezani Alhamisi. Rufaa tumeshinda. Najua ungependa nikuandikie kwa vigelegele, lakini nimevitafuta sina.

Unakumbuka alivyofungwa. Mteja alimwachia jenereta karakanani aitengeneze, wakagombana kwa sababu ya kuchelewa, mteja akaenda polisi kusema imeibwa. Hakimu akamuuliza Chuma kama ni kweli aliichukua. Naye akajibu kama marehemu baba alivyotulea: mkubwa akikuuliza, itika kwanza, ueleze baadaye. Akasema ndiyo, mheshimiwa, akasimama wima kusubiri zamu yake ya kueleza. Zamu haikuja. Akapigwa miaka saba papo hapo, mimi nikiwa bado natafuta pa kukaa.

Wakili wetu, yule mama mwenye kikohozi, alieleza mahakama ya juu kwamba Chuma hakusomewa maelezo ya kosa wala kuulizwa kama anayakubali, na kwamba miaka saba ilipita hata kiwango cha sheria kwa kosa lile. Wakili wa serikali hakubisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, kumbe hakuna wa kupigana naye.

Jaji alisoma hukumu kama anayesoma tangazo la kukatika maji. Kukiri kwa namna ile, akasema, si kukiri. Akafuta hatia na adhabu, na kwa muda ambao Chuma ameshakaa ndani, hakuona haki kesi ianze upya. Mimi nilikuwa natazama feni. Karani ndiye aliyenigusa bega kuniambia tumemaliza, niinuke.

Chuma amekonda, lakini ni mzima. Karakanani kwake sasa panauzwa magodoro. Sikumwambia; alipita mwenyewe akaona, akarudi akalala.

Jana jioni Mama alimuuliza kama ampakulie chakula. Zamani angeitika kabla hajamaliza kuulizwa. Safari hii aliweka mikono magotini, akamgeukia.

"Mama," akasema, "nieleze kwanza, unauliza nini?"

Mama alikaa chini na mwiko wake mkononi, akalia. Mimi nilifunika sufuria. Nilitaka kulia nikashindwa, Kaka, na hilo ndilo linanitisha.

Shangazi anakusalimu sana, na shemeji yako pia. Mungu akulinde huko uliko, akupe watu wa kukusikiliza mpaka mwisho. Na ukipiga simu, nakuomba, usimuulize Chuma chochote. Msimulie tu habari zako.

Wako akupendaye, hata akiishiwa maneno,
Dada yako Chiriku