Mafuta ya Nazi Kwenye Kabureta za Mbwana

Pongwe, Tanga

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo baba. Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi kivulini, goti limetulia, na mama amepona kile kikohozi chake. Mimi ni mzima, ila vumbi la chokaa la hapa machimboni limeniingia mpaka kwenye meno, na malori ninayoyatengeneza yana adabu kuliko madereva wake. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe simu ukiishika unaweka spika, na neno la kuambiwa peke yako hulisikia Ujiji nzima mpaka wauza dagaa. Hili si la wauza dagaa.

Uliniagiza nimchunguze huyu Mbwana wa Ngamiani aliyeleta posa ya dada yangu Hadija, kabla hamjawajibu washenga. Ulisema mimi ndiye macho yako huku, na nikisema hapana nawe utaandika hapana. Hadija naye, tangu aje kufundisha huku kwenye shule ya Usagara hajawahi kuniomba kitu, lakini safari hii aliniomba nimtazame mtu huyo kwa haki. Alisema baba akikataa hatabishana, ila asiulizwe tena habari ya kuolewa. Basi nilikwenda kumtazama. Kwa haki sikwenda.

Nianze na gari lake, maana ukilijua gari umemjua mwenyewe. Ni gari la michezo la Kiingereza, la enzi za mabwana wa mkonge, jekundu, halina paa, lina viti viwili na mahali pa kuweka mkoba mmoja. Babu yake alikuwa dereva wa meneja wa shamba, na meneja alipoondoka akamwachia. Mtu mwenye akili angeliuza akanunua shamba la michungwa Muheza. Mbwana amelirithi kama watu wanavyorithi pumu. Siku za mapumziko huvaa miwani nyeusi na glavu za ngozi, katika joto hili la Tanga, kisha analisukuma. Ndiyo baba, analisukuma, kwa sababu lilikuwa haliwaki. Na watu wa Ngamiani, ambao baiskeli zao zinawafikisha kila wanakokwenda, hukaa barazani na kumpa mawaidha.

Aliposikia mimi ni fundi alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu shemeji, wallahi Mungu kakuleta!" Shemeji! Posa haijajibiwa, yeye keshanifanya shemeji. Nikasema moyoni, mwache ajichimbie shimo mwenyewe.

Wewe ulinifundisha kabureta kwenye lori la misheni, na ukasema moja inatosha kumtia mtu wazimu. Gari hili linazo mbili. Kila moja ina kofia nene ya aluminiamu, ndani yake pistoni inapanda na kushuka kwa pumzi ya injini, na chini ya pistoni kuna sindano inayopima petroli. Zikipumua sawasawa gari linakwenda vizuri. Moja ikiizidi nyingine, linakwenda kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Tulizifungua uani kwao, juu ya meza ya mama yake. Nilikuta gasketi zilizokatwa kwa kandambili! Petroli imezivimbisha, zimeziba njia zote. Nikamwuliza nani kafanya haya. Akasema ni fundi mmoja mzuri sana. Mafundi wa mji huu wote ni wazuri sana, mpaka ufungue walichofunga.

Nikaziosha, nikakata gasketi mpya kwa karatasi ngumu, nikanyoosha mkono wa boya linaloelea kwenye petroli, uliokuwa umepinda, nikahakikisha sindano zimekaa. Kazi yake yeye ilikuwa kushika vyombo na kuuliza maswali. Kisha tukaziweka sawa kwa sikio, kama ulivyokuwa ukifanya: mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza inavyovuta hewa, unahamia ya pili, unakaza au kulegeza skrubu mpaka mivumo ifanane. Nikampa naye asikilize. Akafumba macho kama yuko kwenye taarabu. "Yakhe, zinazungumza hizi!" Niliona haya kwa niaba yake.

Nikaondoka nikimwachia jambo dogo tu. Juu ya kila kofia kuna kitundu cha mafuta, atie mafuta mepesi kama yale ya cherehani, ili pistoni isirukeruke. Hata asiyejua gari angeliweza hilo.

Haikupita wiki akaanza kunipigia simu. Asubuhi gari linawaka, lakini akikanyaga mafuta linakohoa moshi mweusi na kuzima. Mchana halina neno. Nikaenda jioni baada ya kazi, nikakuta linakwenda vizuri kabisa. Nikamwambia ugonjwa uko kwa dereva. Naye akaanza kuzikorogakoroga zile skrubu nilizozipanga, na barazani wakasema gari limeingiwa na shetani wa asubuhi. Mzee mmoja akashauri lifukizwe ubani. Nikasema, huu ndio mji unaotaka kumchukua dada yangu.

Jumapili nikaenda mapema, na kibaridi hiki cha kipupwe. Nikafungua vile vifuniko vya juu. Baba, ndani mlikuwa na kitu cheupe kimeganda kama samli. Nikanusa. Nazi! Mtu katia mafuta ya nazi kwenye kabureta! Mchana yanayeyuka, pistoni inapanda. Usiku yanaganda, asubuhi pistoni inanata.

Nilicheka mpaka nikashikilia boneti. Kisha nikawaita watu wote wa barazani waje waone. "Njooni muone wali wa nazi unavyopikwa kwenye injini! Sisi watu wa Ujiji tumelelewa na mawese, lakini hata kichaa wetu hajawahi kuyatia kwenye mashine. Hili ni la mtu wa Tanga tu." Wakacheka na wao, wakambatiza pale pale, Mbwana Nazi. Ile hapana yako nilikuwa nimeipata, na nilitaka iwe na mashahidi.

Mbwana akachukua kijiti, akayachokonoa yale mafuta, akayanusa. Akakaa kidogo anayatazama. Kisha akasema, "Ni mimi, shemeji. Nimekosea chupa. Tuyatoe." Basi. Hakujitetea wala hakukasirika, nami nikamwona hana hata damu ya kukasirika. Nikasafisha, nikatia mafuta yanayostahili, nikazisikiliza upya zote mbili, gari likaondoka bila kukohoa. Nikarudi Pongwe nikaanza kukuandikia. Nilijaza ukurasa mzima, na hakukuwa na neno jema ndani yake.

Jioni ile ile Hadija akaja. Hakuniamkia. Alisimama mlangoni amejifunga mtandio.

"Kaka, nani kakwambia ni Mbwana aliyetia yale mafuta?"

"Kasema mwenyewe."

"Niliyatia mimi."

Ilikuwaje? Alikwenda na mwalimu mwenzake kumjulia hali mama yake Mbwana, aliyekuwa na homa. Walipopita uani Mbwana alikuwa chini ya gari, mikono yote grisi, akaomba amiminiwe mafuta ya cherehani kwenye vile vitundu, chupa iko dirishani. Dirishani palikuwa na chupa mbili, na kwa joto la mchana yote yalikuwa maangavu, mepesi kama maji. Hadija akachukua ile ya kupaka nywele. Mbwana hakujua lolote mpaka aliponusa kile kijiti mbele ya watu.

Unanielewa, baba. Posa haijajibiwa, na binti yetu keshakanyaga uani kwa mchumba. Mbwana angesema pale, "Kayatia Hadija," kicheko kingemtoka yeye na kumwangukia dada yangu, tena kisingekuwa kicheko cha mafuta. Wangesema binti wa watu wa Ujiji hakungoja kuposwa, kajipeleka mwenyewe. Na waliokuwa pale kusikia ni mimi niliyewaita.

"Nilitaka kuja kukwambia pale pale niliposikia ulivyomcheka," Hadija akasema. "Yeye ndiye kanizuia kwenye simu. Kasema nikuache, utacheka utachoka." Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Nyani haoni kundule, kaka." Hakunywa hata maji.

Ule ukurasa nimeuchana. Niliona aibu, baba, na aibu hiyo mpaka sasa ninayo.

Nisalimie mama, mwambie kitambaa alichoagiza nimekipata. Nisalimie bibi, mwambie nasali, asiwe na wasiwasi. Baba mdogo Shabani, ambaye najua ndiye atakayekaa na washenga wakija, msalimie na umwombe siku hiyo asiwahadithie safari zake za ziwani. Shangazi Tatu muuza mawese msalimie pia, ila habari ya mafuta usimsomee, maana Hadija hatapumua.

Sasa jibu. Nimelizungusha mpaka hapa kwa sababu ni zito kuliandika. Mtu huyu hajui gari, hajui kuchagua fundi, na zile glavu sitazizoea. Lakini nilimtukana mbele ya mji wake mzima, na neno la kujiokoa alikuwa nalo mdomoni, akalimeza. Mimi ndugu wa Hadija wa tumbo moja nisingelimeza. Waandikie washenga ndiyo, baba, tena usikawie.

Mwanao,
Ramadhani