Weusi wa Vidole vya Baba

Vitengeni,
3 Mei 1986

Kwa Dada Kahonzi,

Shikamoo dada. Ama baada ya salamu, napenda kujua hali yako huko Kilifi. Sisi huku si wazima, wala sitakuficha. Mwanangu Dena amefariki Jumanne. Homa siku mbili tu, akakata roho mikononi mwa mamake. Miaka minne, dada!

Sasa nisikilize. Tangu baba arudi kutoka kukutembelea, vidole vyake vimekuwa vyeusi tititi mpaka kwenye kucha, havitakati kwa sabuni wala kwa mchanga. Nimemuuliza mbele ya watu ameshika nini. Kimya! Mtoto amekufa, mzee ana mikono ya makaa, na hasemi. Vijana wananoa mapanga, wanasema mzee Karisa Masha amemla mjukuu wake kwa uchawi. Nawazuia, lakini na mimi moyo unachemka. Je, kuna kitu ulimpa? Nijibu upesi kwa mkono wa Thuku mwenye duka.

Ni mimi mdogo wako,
Kiponda

Kilifi,
8 Mei 1986

Mdogo wangu Kiponda,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili tu. Nimelia mpaka macho yamevimba. Mungu amlaze Dena mahali pema.

Kuhusu baba, sikumpa kitu. Labda ameshika maganda ya korosho, unajua mafuta yake yanavyochoma ngozi. Waambie hao vijana waone haya, mzee wa watu! Na wewe koma kuchemka.

Dada yako,
Kahonzi

Kilifi,
12 Mei 1986

Ndugu yangu Kiponda,

Salamu za haraka. Nilikudanganya katika barua ile ya kwanza.

Nilimpa baba dawa. Hapa maabara, ninapofanya kazi ya kuosha chupa, tunakuza mihogo ndani ya chupa, kutoka kwenye kipande cha mche kisichozidi punje ya mchele. Chupa ikifungwa, mche hutoa hewa, ile ile inayoivisha ndizi zikifungiwa guniani, na hewa hiyo huudhuru mche wenyewe: majani yanakuwa manjano, yanapukutika. Tukitia chembe ya chumvi ya fedha, fedha hii ya pete na vikuku, mche hauisikii tena ile hewa. Unashika majani, unachipua matawi. Dawa ikizidi, mizizi haitoki na mche unakufa. Baba aliona chupa mbili pamoja, yenye dawa na isiyo nayo, akashangaa, akanisihi nimpe kidogo kwa mihogo yake inayopukutika. Nilijua shambani haifai kitu, lakini nilishindwa kumnyima. Nikamwibia kichupa. Nikamkataza asimwambie mtu, maana nikijulikana nafukuzwa kazi.

Dawa hiyo ikigusa ngozi, jua likaipiga, inakuwa nyeusi. Haisuguliki. Inatoka yenyewe baada ya wiki mbili tatu, ngozi inapobadilika. Hata vidole vyangu ni vyeusi, Kiponda! Dena ameuawa na homa. Wasomee wote barua hii, nikifukuzwa na nifukuzwe. Msimguse baba.

Dada yako,
Kahonzi

Vitengeni,
18 Mei 1986

Kwa Dada Kahonzi,

Shikamoo. Habari za afya sina la kukuuliza. Barua yako ya pili imenifikia jana Jumamosi. Baba tulimkata Alhamisi.

Nasema tulimkata, lakini mimi ndiye niliyetangulia. Niliwasomea ile barua ya kwanza, dada. Nilipofika "sikumpa kitu" wakapiga kelele, nami nikapiga nao. Tulimkuta shambani ameinama na debe lake, anamwagilia mihogo. Nikamwambia, "Sema umeshika nini, nikuache!" Akanitazama, akasema, "Nimekatazwa kusema, mwanangu." Nikajua aliyemkataza ni shetani wake. Panga langu lilimpata begani. Akainua mikono ajikinge, Kaingu, mmoja wa wale vijana, akaikata. Damu ilinirukia mdomoni. Akajaribu kukimbia, akafa kabla hajafika hata barabarani.

Kiunoni mwake nikakuta kichupa, nikakiponda juu ya jiwe kwa mkono wangu. Maji yakanimwagikia. Dada, kesho yake mikono yangu ilikuwa myeusi kuliko yake! Nimeifunga matambara, lakini Kaingu ameshaiona. Nimewaonyesha barua yako, wanasema nimeiandika mwenyewe. Wamenipa mpaka Ijumaa nitoe ushahidi, la sivyo watanikata na mimi. Kilifi si Ulaya! Kwa nini hukupanda basi ukaja? Njoo sasa, uwaonyeshe mikono yako. Mke wangu ana mimba, dada.

Ni mimi mdogo wako,
Kiponda

Kilifi,
21 Mei 1986

Kiponda,

Sikuamkii, na wewe usiniamkie.

Unauliza kwa nini sikuja. Niliogopa kufukuzwa. Ndilo jibu, sina jingine, na nitazikwa nalo. Leo nimemweleza bwana mkubwa habari ya kichupa, akanifukuza kabla sijamaliza kusema. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo!

Nakuja Ijumaa kwa basi la kwanza. Nimeiba tena, matone machache. Nitasimama mbele ya duka la Thuku, ninyooshe mikono yangu, kisha nimpake Kaingu dawa kiganjani asimame juani ajionee. Watajua baba hakuwa mchawi, na wewe si mchawi. Hawatakukata.

Lakini nitashuka na askari wawili. Nikishawaeleza weusi, nitawaeleza damu, na nani alitangulia. Barua yako ninayo mfukoni. Baba nilimkataza kusema, akanyamaza mpaka mapanga yakammaliza, kwa ajili ya kazi yangu ya kuosha chupa. Mimi sitanyamaza kwa ajili yako.

Mikono usiisugue, unajitesa bure. Imwagilie mihogo ya baba kila asubuhi, maji matupu, mpaka nifike.

Mtoto wa Karisa,
Kahonzi